Miguu Kufa Ganzi: Unyooshe, Utembee, Uchue au Uloweke?

Kuna mwaka mimi na mama yangu tulilalamika kwa maneno yale yale: "Mguu umekufa ganzi." Mimi nilikuwa dereva wa Fuso, nikibeba viazi mviringo kutoka Makambako kwenda Dar es Salaam. Ganzi yangu ilianzia kwenye tako la kulia, ikashuka nyuma ya paja mpaka kidole gumba. Mama yuko Njombe, anaishi na kisukari kwa miaka mingi. Yake ilianzia kwenye ncha za vidole vya miguu yote miwili, ikapanda taratibu kama mtu anayevaa soksi. Nikaelekezwa mazoezi ya kunyoosha, baada ya wiki chache nikaanza kusikia pedali vizuri, nikampigia simu kwa furaha: "Mama, nimepata dawa, haina hata shilingi." Akayafanya kwa bidii miezi mitatu. Hisia za vidole hazikurudi.

Nilichukua muda kuelewa kwamba tulikuwa na jina moja la ugonjwa na magonjwa mawili. Tangu hapo nimeongea na watu wengi huku Nyanda za Juu Kusini, Uyole, Mwanjelwa, Mafinga, Ipogolo, waliokwama pale pale nilipokwama: mmoja anaambiwa anyooshe viungo, mwingine atembee, jirani anasema achuliwe na mafuta, bibi anasema aloweke miguu kwenye maji ya moto. Kila mmoja ana mtu aliyepona kwa njia yake, na wote wanasema kweli. Hapa naziweka njia tano kando kwa kando, kwa vigezo vile vile, ili uone ipi inakaa na mguu wako.

Kwanza, ganzi yako inatoka wapi?

Kigezo hiki kinatangulia vingine vyote. Mshipa wa fahamu unaweza kufa ganzi kwa namna mbili kubwa. Ya kwanza ni kubanwa: pingili za kiuno zimeusukuma, msuli wa tako umekaza, au umekaa mkao mmoja saa nyingi. Ganzi ya namna hii mara nyingi huwa upande mmoja, hufuata mstari, na huongezeka au hupungua ukibadili mkao. Ya pili ni mshipa wenyewe kuugua. Kisukari ndicho chanzo kinachoongoza duniani. Vipo na vingine: upungufu wa vitamini B12, pombe ya miaka mingi (na ulanzi ni pombe, hata ukiwa mtamu), VVU, dawa ya kifua kikuu iitwayo isoniazidi ikitumiwa bila vitamini B6, na ukoma. Hii mara nyingi hushika miguu yote miwili kuanzia vidoleni, huwa mbaya zaidi usiku, na haijali umekaa au umelala. Ukoma una alama yake: baka kwenye ngozi lisilosikia ukiligusa. Dawa zake hutolewa bure, na ukiwahi unapona bila ulemavu.

Kuna kipimo kidogo cha nyumbani nilichofundishwa. Mgonjwa afumbe macho. Mwingine amguse kwa ncha ya kidole, kidogo tu, sekunde moja au mbili, kwenye kidole gumba, kidole cha kati na kidole cha mwisho cha kila mguu. Ni miguso sita. Aseme kila anaposikia. Akikosa miwili au zaidi, hisia zimepungua kiasi cha kuweka mguu hatarini, na hapo aende kupimwa sukari na miguu. Hospitalini wanatumia uzi wa nailoni unaobonyezwa kwenye unyayo, hauumi.

Vigezo vingine nilivyotumia ni hivi: jinsi njia inavyofanyika, muda na gharama yake, na mahali inapoweza kukudhuru. Kuhusu muda, kumbuka jambo moja. Mshipa wa fahamu ulioharibika ukipata nafasi ya kukua tena, hukua kama milimita 1 kwa siku. Kutoka gotini mpaka vidoleni ni zaidi ya mwaka. Anayekuahidi siku saba anazungumzia jambo jingine.

Kabla ya kuchagua chochote, nenda hospitali leo hii ikiwa ganzi imekuja ghafla upande mmoja wa mwili, pamoja na mdomo kupinda au maneno kukwama. Ikiwa ganzi iko katikati ya miguu, sehemu unayokalia ukiwa juu ya farasi au baiskeli, na mkojo au choo hakishikiki. Ikiwa unyayo unaburuzika huwezi kuunyanyua. Au ikiwa kuna kidonda au kidole cheusi. Hayo hayasubiri mazoezi.

1. Kunyoosha misuli

*Inamfaa nani.* Mtu ambaye misuli ya kiuno, tako, nyuma ya paja au kigimbi imekaza ikabana mshipa. Madereva, mafundi cherehani, wanaokaa dirishani benki, bodaboda. Mimi nilikuwa humo. Mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya mazoezi ya viungo) aliniuliza swali moja: "Unakalia nini?" Nikatoa pochi kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, nene, imejaa risiti za mizigo. Miaka kadhaa nilikuwa nimeikalia kuanzia Makambako mpaka Dar, juu ya njia ya mshipa ule ule uliokuwa unakufa. Pochi ilihamia mfuko wa mbele siku hiyo hiyo.

Mwenye kisukari naye ana faida hapa, ila si ile niliyomwahidi mama. Sukari ya muda mrefu hukakamaza viungo na kano, zile kamba zinazoshika misuli kwenye mifupa, kifundo cha mguu kinakuwa kigumu, na uzito wa mwili unaangukia sehemu ya mbele ya unyayo. Hapo ndipo vidonda vingi huanzia. Kunyoosha kigimbi kunapunguza ukakamavu huo. Hakurudishi hisia.

*Inavyofanyika.* Simama mbele ya ukuta, viganja ukutani, mguu mmoja nyuma, goti la nyuma limenyooka, kisigino kimegusa chini. Egemea mbele mpaka usikie kigimbi kinavuta. Hesabu sekunde 30, mara tatu kila mguu, kisha rudia goti la nyuma likiwa limekunjwa kidogo. Ya pili, lala chali kwenye mkeka, pitisha kitenge chini ya unyayo, inua mguu ulionyooka kwa kuvuta ncha za kitenge. Ya tatu, ukiwa bado chali, weka kifundo cha mguu mmoja juu ya goti la mwingine na uvute paja kifuani. Hiyo inafika kwenye tako. Usijirushe-rushe. Kuvuta kwa msuli ni sawa. Umeme unaochoma kushuka mguuni ni ishara ya kuacha.

*Muda na gharama.* Dakika kumi, mara moja au mbili kwa siku, mkeka na kitenge. Mimi niliona tofauti baada ya wiki tatu hivi. Kwa baridi ya huku, usinyooshe ukiwa umetoka kitandani moja kwa moja saa kumi na moja alfajiri ya Julai. Zunguka uani kwanza dakika tano.

*Pa kuogopa.* Mwenye pingili iliyosukumwa akiinama kugusa vidole huku magoti yamenyooka anaweza kuzidisha. Kama kuinama kunapeleka ganzi mbali zaidi chini, acha zoezi hilo.

2. Kutelezesha mshipa wa fahamu

Watu wengi hawajaisikia hii, na huichanganya na ya kwanza. Msuli unapenda kuvutwa na kushikiliwa. Mshipa wa fahamu haupendi. Unachotaka ni kusogea mbele na nyuma ndani ya njia yake, kama kamba inayopita kwenye kitanzi.

*Inamfaa nani.* Mwenye ganzi ya mguu mmoja inayotoka kiunoni au takoni, hasa aliyejaribu kunyoosha akaona ganzi inazidi.

*Inavyofanyika.* Kaa kwenye benchi, miguu ining'inie. Nyoosha goti polepole huku vidole vikielekea juu, na wakati huo huo inua uso utazame dari. Kisha kunja goti urudishe mguu, huku kidevu kikishuka kifuani. Mara kumi, bila kushikilia, mara mbili au tatu kwa siku. Upande mmoja wa mshipa unapovutwa, mwingine unalegezwa.

*Muda na gharama.* Zoezi lenyewe ni bure, ila ningependa ulipie siku moja ya kuelekezwa. Huduma ya fiziotherapia inapatikana katika hospitali za rufaa, ikiwemo ile ya Kanda iliyoko Mbeya mjini. Wiki mbili mpaka sita zinatosha kujua kama inakusaidia.

*Pa kuogopa.* Kuzidisha. Mshipa uliokasirika hukasirika zaidi ukiukimbiza. Ganzi ikibaki kubwa nusu saa baada ya zoezi, punguza idadi.

3. Kutembea, pamoja na mazoezi ya nguvu na ya kutoyumba

*Inamfaa nani.* Mwenye kisukari kabla ya wote, kwa sababu kutembea kunagusa chanzo: misuli inatumia sukari iliyo kwenye damu. Kama ningekuwa na nafasi ya kumpigia mama simu ile upya, ningemwambia hili. Mwenye tatizo la kiuno naye hufaidika, maana kulala kitandani siku nyingi humkakamaza.

*Inavyofanyika.* Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani nusu saa kwa siku tano. Mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Anayeanza aanze na dakika kumi. Ongeza kusimama kwa vidole mara kumi ukishika meza, na kusimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, kwa sababu mguu usiosikia ardhi huangusha watu.

Miji yetu ni ya milima, na hilo linabadilisha mambo. Mteremko husukuma vidole mbele ya kiatu. Kwa mtu anayesikia, ni usumbufu tu. Kwa asiyesikia, ni malengelenge ambayo ataona damu kwenye soksi jioni. Kutoka Ipogolo kupanda Iringa mjini, au vichochoro vya chini ya mlima Loleza kule Mbeya, si mahali pa kuanzia. Tafuta uwanja wa shule au barabara tambarare.

*Muda na gharama.* Gharama ni viatu. Raba zilizofunikwa mbele, zenye nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya vidole, na soksi. Yeboyebo na ndala waachie wanaosikia. Kila asubuhi ingiza mkono ndani ya kiatu kabla ya mguu. Kokoto, punje ya mahindi, hata msumari, mkono utavijua. Sukari huanza kupungua siku za mwanzo, lakini ganzi hufuata nyuma sana, na kwa wengi kinachopatikana ni kwamba haisongi mbele zaidi. Linaonekana dogo, lakini kwa mtu wa kisukari hilo ni jambo kubwa.

*Pa kuogopa.* Mwenye kidonda kwenye unyayo asitembee kwa mazoezi mpaka kipone. Mazoezi ya kukaa yapo. Anayetumia insulini abebe kitu kitamu mfukoni.

4. Kuchua

*Inamfaa nani.* Aliyechoka, mwenye misuli iliyokaza, asiyelala kwa miguu kuwaka. Hapa sitaki kumdharau mtu: mama akichuliwa na mjukuu wake jioni, analala. Hisia hazirudi, lakini usiku wake ni mwingine.

*Inavyofanyika.* Mafuta ya alizeti au ya parachichi, ambayo huku hayako mbali. Kutoka vidoleni kupanda, kwa kiganja, si kwa kifundo cha ngumi. Usipake kati ya vidole. Unyevu pale huleta fangasi. Faida kubwa ya kuchua ni moja ambayo haitajwi: mtu mwingine anautazama mguu kila siku, anaona mchubuko kabla haujawa kidonda.

*Muda na gharama.* Robo saa. Nafuu ni ya saa chache, unarudia.

*Pa kuogopa.* Mguu mmoja uliovimba, wa moto na unaouma kwenye kigimbi usichuliwe hata kidogo. Huenda kuna damu iliyoganda ndani, na inahitaji daktari. Dawa za kuchua zinazochoma nazo ni hatari kwenye ngozi isiyosikia, kwa sababu unazidi kupaka ukingoja kuchomeka.

5. Maji ya moto na kuota moto

Juni na Julai, Njombe na Makete, hakuna nyumba isiyo na beseni la maji ya moto jioni au jiko la mkaa katikati ya miguu. Naelewa. Baridi yenyewe huleta ganzi, maana mishipa ya damu ya vidole hujibana, na joto huifungua.

*Inamfaa nani.* Mtu ambaye vidole vyake vinakufa ganzi wakati wa baridi tu na hurudi vikipata joto, na aliyepita kipimo cha kuguswa vidole bila kukosa. Pia anayetaka kulegeza misuli kabla ya kunyoosha.

*Inavyofanyika.* Maji ya uvuguvugu, yapimwe kwa kiwiko, tena na mtu mwenye hisia nzima. Dakika kumi, kisha kausha vizuri, hasa kati ya vidole.

*Muda na gharama.* Nafuu ni ya papo hapo na huisha na joto lenyewe.

*Pa kuogopa.* Julai moja tulikuwa tumekaa kwa mama, jiko katikati, tunaongea. Binti yangu wa miaka tisa akasema, "Bibi, soksi yako inatoa moshi." Mama akatazama chini. "Mbona sijasikia kitu?" Tulipoivua soksi, ngozi ya kidole cha pili na cha tatu ilikuwa imeungua. Alikuwa anaendelea na hadithi yake, hakusita hata neno moja. Kidonda kile kilichukua miezi minne kupona, na kila siku ya miezi hiyo niliogopa kukatwa kwa mguu. Kwa aliyekosa miguso miwili kati ya sita, ninaomba kabisa: jiko likae mbali, beseni lisiwepo, chupa ya maji ya moto isiingie kitandani. Soksi za sufu jozi mbili na blanketi zinatosha.

Uchague kwa hali yako

Kama unakaa kwenye gari au cherehani na ganzi ni ya mguu mmoja, anza na kunyoosha pamoja na kuteremka kila baada ya saa mbili. Ikizidi, hamia kwenye kutelezesha mshipa. Ukiwa dereva na unyayo hausikii pedali, usiendeshe mpaka usikie. Mteremko wa Kitonga hauna nafasi ya mguu wa kubahatisha.

Kama unavuna viazi au kupalilia vitunguu ukiwa umechuchumaa kutwa, na ganzi iko juu ya unyayo na upande wa nje wa mguu chini ya goti, mshipa unabanwa pale karibu na kifupa cha nje cha goti. Kunyoosha hakutakusaidia ukirudi kuchuchumaa kesho. Chukua kigoda, badili mkao kila robo saa. Unyayo ukianza kulegea, nenda hospitali.

Kama una kisukari, kutembea ndiyo nguzo, kunyoosha kigimbi ni msaidizi, kuchua ni kwa ajili ya usingizi na ukaguzi. Muulize daktari kuhusu B12 ikiwa umetumia metformini (dawa ya kisukari) miaka mingi, kwa kuwa inaweza kuipunguza mwilini, na kuijaza inawezekana.

Kama uko kwenye dawa za kifua kikuu au za VVU, usiache dawa, wala usianze na mazoezi. Rudi kliniki uliyopewa dawa, uwaambie ganzi ilianza lini. Mara nyingine marekebisho ni vidonge vya B6 tu.

Kama pombe imo, kunyoosha na kutembea vitafanya kazi kidogo mno mpaka ipungue au iishe, na chakula kirudi.

Na kama una miguu isiyosikia na unaishi peke yako, bila mjukuu wa kukuchua wala wa kuona moshi, nunua kioo kidogo, ukiweke sakafuni, upitishe nyayo juu yake kila jioni karibu na taa. Mama anacho chini ya kitanda. Hukitoa baada ya kula, kabla ya kuvaa soksi.